Kuna aliyefanyiwa upasuaji wa kope humu? Nimechoka kuulizwa kama nimelia

mama_wawili
Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Huwa nasoma tu humu kimya kimya, leo nimejikaza niulize maana huku mtaani sina wa kumuuliza bila kuchekwa.

Mimi ni mama wa miaka 53, niko Dar, kazi yangu ni ya kukaa dirishani kuhudumia watu kutwa nzima. Tatizo langu ni macho. Ngozi ya juu imeshuka imelala kabisa juu ya kope, nikipaka wanja asubuhi nikifika kazini nakuta umejichapa juu, yaani mstari wa pili juu ya ule niliopaka, kwa sababu nyama ya juu inagusana na ya chini. Na kuupaka wenyewe mpaka ninyanyue ngozi kwa kidole cha kushoto ndio mkono wa kulia upite. Chini nina vifuko, hata nilale masaa tisa naamka navyo. Wateja kila siku, mama unaumwa? dada umelia? Juzi bosi wangu, kijana mdogo tu wa umri wa mwanangu, akaniita pembeni kwa heshima zote akaniambia kama kuna msiba nyumbani nichukue siku mbili. Hakuna msiba. Nilikuwa mzima kabisa na siku hiyo nilikuwa na furaha zangu. Inaniuma kwa sababu ndani nina nguvu zote ila uso unatangaza kitu kingine.

Marehemu mama alikuwa hivi hivi, akitaka kusoma Biblia anainua kidevu juu kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Sasa kwenye picha zangu za karibuni naona kidevu kile kile.

Mwezi wa 12 binti yangu ana sendofu na nilikuwa nataka niwe nimeshafanya. Baba watoto hataki kabisa kusikia. Naomba aliyefanya aniambie ukweli, inauma kiasi gani, unapona baada ya siku ngapi, na mimi nina keloidi, lile kovu linaloota na kuvimba, sikioni nilipotoboa nikiwa msichana naogopa kope zisije zikaota vile. Pia natumia dawa ya presha na ile aspirini ndogo ya kila siku. Naombeni msinitukane.

binti_mbeya
Shikamoo mama. Hakuna atakayekutukana. Mimi naomba tu niseme la moyoni, bibi yangu alikuwa na macho hayo hayo yaliyolala na ndiyo macho ninayoyakumbuka, akicheka yanafunga kabisa. Nikisikia mtu anataka kuyakata nasikia vibaya kwa kweli. Wewe unaona uchovu, mwanao inawezekana anaona mama yake. Ila kama unashindwa hata kuona vizuri hilo ni jambo lingine, nenda hospitali, na usichague tarehe kwa sababu ya sherehe. Nakuombea.

mama_wa_Rongai
Hujambo dada. Mimi niko Nairobi, nilifanyiwa kope za juu 2022 nikiwa 58, kwa hivyo nitakuambia venye ilikuwa bila kuongeza wala kupunguza.

Yangu ilikuwa imeshuka mpaka kwa kona ya nje ile ngozi inatoka machozi, nikipanguza panguza inakuwa kidonda kidogo, na nikiendesha gari jioni naangalia taa za barabarani nikiwa nimeinua nyusi mpaka kichwa inaniuma. Nilikuwa nadhani ni miwani. Nilibadilisha miwani mara mbili bure.

Nilienda kwa daktari wa macho ambaye amesomea hiyo maneno ya kope peke yake, si saluni si mtu wa kudunga botoksi. Kitu ya kwanza nilipenda ni kwamba siku ya kwanza hakuongea bei. Alinipima macho kama mtu amekuja kuchukua miwani, akaniuliza kuhusu sukari, tairodi (ile tezi ya shingo), dawa zote ninazokunywa mpaka vitunguu saumu vya vidonge na mafuta ya samaki, akaniambia hivyo vyote vinafanya damu iwe nyepesi na jicho halitaki damu nyingi. Nikapewa tarehe baada ya wiki kadhaa.

Siku yenyewe alinichora na kalamu nikiwa nimekaa, si kulala, kwa sababu ukilala ngozi inarudi nyuma na hesabu inaharibika. Halafu sindano ya ganzi. Hiyo ndiyo uchungu, kama nyuki amekuuma kwa kope, mbili upande huu mbili upande ule, machozi yanatoka yenyewe. Baadaye hausikii kitu, unasikia tu kama mtu anavuta kitambaa juu ya uso wako, na nilikuwa nasikia harufu ya kuchomeka kidogo, daktari akaniambia ni mashine ya kuziba mishipa midogo ya damu nisishtuke. Tulikuwa tunaongea hata. Saa moja hivi tukamaliza na nikarudi nyumbani siku hiyo hiyo, binti yangu ndiye aliendesha.

Sasa kupona. Siku ya pili ndiyo mbaya, macho ilifura mpaka nikaona kwa kijitundu tu, rangi kama biringanya. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika kumi unatoa unarudisha, kulala na mito mitatu, dawa ya kupaka usiku. Nyuzi zilitolewa siku ya sita. Wiki ya pili nilienda kanisa na miwani nyeusi. Wiki ya tatu watu wakaanza kuniuliza kama nimepunguza uzito, hakuna hata mmoja alijua ni macho. Kovu iko ndani ya ule mkunjo wa kope, nikifungua jicho hauioni, nikifunga uione lazima nikuonyeshe. Lakini ganzi ganzi kwa nywele za kope nilikuwa nayo miezi kadhaa, hiyo hakuna mtu alikuwa ameniambia.

Sijuti. Lakini kama sherehe yako ni mwezi wa 12 na hata daktari hujaona, dada, usikimbize.

mama_wawili
Asante sana dada wa Rongai umenipa moyo. Hiyo ya miwani mara mbili ndio mimi kabisa. Na hiyo ya kuinua nyusi, binti yangu huwa ananiambia mama mbona umekunja paji la uso muda wote.

nesi_wa_macho
Mama wa watoto wawili, shikamoo. Mimi ni nesi wa macho. Miaka ya nyuma nilikaa sana Kongwa, Dodoma, tukifanya upasuaji wa vikope, wale bibi zetu ambao trakoma imewakunja kope kwa ndani na nywele zinakwangua jicho kila wakipepesa. Darasani shule ya msingi, madawati yameunganishwa, ganzi, kukata, kugeuza ukingo wa kope utazame nje, kushona, bibi anaondoka anatembea. Kwa hiyo wanaodhani kukata kope ni jambo geni la kwenye runinga, hapana, kwetu ni kazi ya kila siku, tofauti ni sababu tu.

Nataka nikuambie kitu ambacho ningemwambia dada yangu wa damu. Kabla hujauliza bei jua kwanza KILICHOSHUKA NI NINI. Kwenye kioo vitu vitatu vinafanana kabisa. Kuna ngozi kulegea, hiyo ndiyo blefaroplasti, yaani upasuaji huu wa kope unaouulizia, inatibu, wanatoa ngozi iliyozidi na mafuta kidogo kama yapo. Kuna msuli unaoinua kope kuchoka au kujivuta kutoka mahali pake, hapo ukitoa ngozi kope inabaki imeanguka vile vile na hela yako imekwenda, maana kinachotakiwa ni kuukaza msuli. Na kuna nyusi kushuka, ambapo ngozi ya kope inaonekana nyingi kumbe imesukumwa na nyusi kutoka juu.

Jipime leo. Simama mbele ya kioo, legeza paji la uso kabisa (wewe mwenyewe umesema unalikunja, mwili umeshajifunza kusaidia), kisha nyanyua ngozi iliyolala kwa ncha ya kidole bila kugusa ukingo wenye nywele. Angalia ule ukingo umekaa wapi. Ukiwa umefunika mboni au unaikaribia sana, shida ni msuli. Baadaye weka kidole kwenye nyusi uirudishe pale ilipokuwa ujanani, kama jicho lote limefunguka basi nyusi ina mchango wake. Tafuta na picha yako ya zamani, ya pasi au kitambulisho, ulinganishe jicho la kushoto na la kulia. Halafu niambie, jioni inazidi kuliko asubuhi? Unaona vitu viwili viwili ukichoka? Unapata shida kumeza au kutafuna? Nauliza kwa sababu kuna ugonjwa wa misuli kuchoka unaitwa miasthenia, mara nyingi unaanzia kwenye kope, na huo hautibiwi kwa kisu kwanza.

Keloidi. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki hata milimita moja, na keloidi pale ni nadra mno hata kwa mtu ambaye sikio limeota. Mwambie daktari lakini usikeshe unalia kwa hilo. Kwetu weusi kinachosumbua zaidi ni mstari kubaki mweusi kwa muda, na weusi wa chini ya macho ambao watu wanadhani utaondoka na vifuko. Hauondoki. Kifuko ni mafuta yaliyosogea mbele kwa sababu kuta zinazoyashikilia zimelegea, kwa hiyo yanaweza kutolewa au kupangwa upya, mara nyingi wanapitia ndani ya kope ya chini kusiwe na kovu nje. Rangi ya ngozi inabaki ile ile.

Aspirini USIIACHE MWENYEWE. Lazima aliyekuandikia na atakayekupasua waongee. Ninasisitiza hivyo kwa sababu hatari moja kubwa kwenye upasuaji huu, nadra lakini ipo, ni damu kuvuja nyuma ya jicho baada ya kushonwa. Jicho linasukumwa mbele, linauma vibaya sana, kuona kunapungua, na mshipa wa kuonea unaweza kufa. Pale hatuhesabu masaa, tunahesabu dakika, wanafungua nyuzi na kupunguza shinikizo hapo hapo. Kwa hiyo ukifanyiwa popote hakikisha una namba ya simu inayopokelewa usiku.

Kipimo kingine usikubali kirukwe ni cha machozi, kikaratasi kidogo kinaning'inizwa kwenye kope ya chini dakika 5 wanaangalia kimelowa milimita ngapi. Umri wako huu baada ya hedhi kukoma macho makavu ni mengi sana na wengi hawajijui.

Dar mna hospitali za Muhimbili na CCBRT, Moshi kuna KCMC, zote zina idara za macho. Anzia hapo, hata kama mwisho utafanyia kwingine.

mwana_wa_Kisauni
Shoga yangu mimi nimesita sana kuandika hapa lakini nimeona haki yako kujua, maana mimi ndiye yule ambaye kikaratasi sikupimwa.

Nilisafiri nje ya nchi, kliniki siitaji jina, niliipata kwenye simu, picha nzuri za kabla na baada, wanakupokea uwanja wa ndege na gari, hoteli iko ndani ya bei. Daktari nilimuona asubuhi ya upasuaji, dakika kumi pengine hazikutimia. Mimi ndiye niliyemwambia toa nyingi, nisirudi tena hapa, nimetoka mbali. Akanitii. Juu na chini siku moja. Siku ya saba nyuzi zikatolewa na jioni niko kwenye ndege narudi Mombasa.

Wallahi mwezi wa kwanza nilikuwa na raha, picha nilizopiga hata leo ninazo. Kisha nikaanza kuamka na mchanga machoni. Mume wangu akaniambia usiku mmoja, mwana, unalala macho wazi. Nikambishia. Akanipiga picha nimelala. Jicho la kulia lina ufa mweupe chini, kama mlango uliosahauliwa kufungwa. Na kope ya chini ya upande huo huo imevutwa chini kidogo, wekundu wa ndani unaonekana, chozi badala ya kuingia linamwagika shavuni. Mtu akiniona anadhani nalia! Sasa hebu fikiria, wewe unataka kukata ili usiulizwe kama umelia, mimi nilikata ndio nikaanza kuulizwa.

Niliwapigia wale watu, wakajibu mara ya kwanza wakasema ni uvimbe utashuka, mara ya pili hawakushika. Daktari wa macho wa hapa nyumbani ndiye aliyenipima, akaniambia huwa wanaacha angalau milimita 20 za ngozi kati ya ukingo wa kope na nyusi ili jicho lifunge, yangu ilikuwa haifiki. Ngozi ikishatupwa hairudi, wakitaka kurekebisha wanakata kipande mahali pengine wanakishona. Kwa sasa naenda na machozi ya chupa mchana kila baada ya muda, usiku mafuta mazito na kijiplasta cha kufungia kope, bila hivyo kioo cha jicho kinakwanguka. Feni la dari nimelizima chumbani mwaka wa pili huu, na Mombasa mwajua joto lake.

Simzuii mtu. Dada yangu wa tumbo moja alifanya juu tu, kwa daktari aliyemkatalia chini, na macho yake mazuri mashaallah. Mwambie daktari wako aache ngozi, akiona kidogo bado imebaki utarudi kupunguza.

mama_wa_Rongai
Pole sana dada wa Kisauni. Umenifanya nilie kweli. Asante kwa kuandika.

ust_kibwana
Assalam alaykum. Kwa ndugu zetu Waislamu watakaosoma, maana najua swali lipo. Masheikh wengi wanatofautisha kati ya kubadilisha umbo kwa kutafuta uzuri tu na kuondoa dhara au aibu iliyompata mtu. Yule sahaba Arfaja aliyepoteza pua vitani Mtume aliruhusu atengenezewe ya dhahabu. Ngozi inayoziba macho watu wanaiona ni tiba, ya umri tu bila dhara ndipo penye khilafu (maoni tofauti), muulize sheikh unayemwamini umweleze hali yako yote. Na tiba hii si ngeni kwetu, Abulqasim Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu mwaka 1013, ameandika kwenye kitabu chake cha udaktari namna ya kukata ngozi iliyozidi ya kope ya juu. Mama mwenye swali nadhani si Muislamu ila nakuombea kheri.

mama_wawili
Wapendwa nimerudi, samahani nimekaa kimya wiki tatu. Nilitaka nije na majibu.

Nesi nilifanya ulichosema usiku ule ule. Nikatoa kitambulisho cha zamani cha kazini cha mwaka 2006, kimepauka lakini macho yanaonekana. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaanza kushuka TANGU WAKATI ULE. Nilikaa kitandani nakiangalia, miaka yote nimekuwa nikidhani ni juzi juzi. Kumeza niko sawa, vitu viwili viwili sioni.

Nimeenda idara ya macho. Daktari ni mama mtu mzima, mpole, ana mikono ya baridi. Kanipima kwa rula ndogo ukingo wa kope hadi mboni, akasema msuli uko sawa pande zote, ni ngozi, na nyusi ya kushoto imeshuka kidogo. Halafu wakaniweka kwenye ile mashine unaweka kidevu unabonyeza kila ukiona kitaa kimemulika. Mara ya kwanza hivi hivi, mara ya pili wamenibandika ngozi juu na plasta. Zikatoka karatasi mbili. Ya kwanza juu yote nyeusi kama paa. Ya pili paa limeondoka. Nilikuwa sijui kama kuna taa zinawaka kule juu, nilikuwa nasubiri tu nabonyeza za chini.

Kikaratasi cha machozi kililowa milimita 6 jicho moja, lingine 8. Akatikisa kichwa. Kasema vifuko vya chini hatavigusa kabisa, nikamwambia lakini hivyo ndivyo vinavyoniumiza kazini, akanijibu mama, kope ya chini ikilegea na jicho lako hili kavu utanichukia. Nikamkumbuka dada wa Kisauni sikubishana tena. Nimepewa machozi ya chupa mara nne kwa siku, nirudi mwezi wa kwanza apime upya, kama yamekuwa mazuri ndio atanifanyia juu tu na ataacha ngozi ya kutosha, mwenyewe kasema kabla sijamwambia.

Kwa hiyo sendofu naenda na macho yangu haya. Binti kanitafutia fundi wa kupamba, kaniambia tuache wanja wa juu kabisa, apake rangi ya kope ya kahawia juu kidogo ya mkunjo na nywele za kope zinyanyuliwe kwa kile kibanio. Tulijaribu jumamosi, nilikaa masaa manne rangi haikujichapa.

Baba watoto zile karatasi mbili nilimwekea mezani sikusema neno. Akavaa miwani akaziangalia moja moja, akauliza hii nyeusi ndiyo huoni? Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza muda. Tangu siku hiyo yeye ndiye ananitilia dawa usiku, anashika kope kwa dole gumba lake zito tone linaenda puani mara mbili kabla ya kuingia, lakini anatilia.

Nesi naomba unijibu moja, daktari kasema nilete barua ya anayenitibu presha kuhusu aspirini. Kliniki yangu ni mwezi wa pili, niombe tarehe ya mapema au nisubiri?

nesi_wa_macho
Omba ya mapema mama, nenda hata kesho usisubiri tarehe. Mwambie unataka barua inayosema kama inaweza kusimama na kwa siku ngapi. Akisema isisimame ipeleke hivyo hivyo kwa daktari wa macho, wataamua wao wawili. Na machozi hayo, ukifungua chupa andika tarehe kwa kalamu pembeni, zile za kawaida ikifika wiki nne itupe hata kama imebaki.

mama_wawili
Sawa mwanangu. Yangu nimeifungua tarehe 9, naenda kuandika sasa hivi.